Young Marble Giants: bendi iliyopiga kidogo ikaondoka

Kijana akija studio kwangu kujifunza ufundi sauti, kitu cha kwanza anachotaka ni kujaza. Kinanda kikiingia, anataka cha pili. Sauti ya mwimbaji anaitia mwangwi mpaka maneno yanazama. Nikichoka kusema, namfungulia Colossal Youth, albamu ya Young Marble Giants ya mwaka 1980, halafu nakaa kimya. Mwanzoni huwa anadhani spika moja imekufa.

Waliopiga ni watatu tu, watu wa Cardiff, kule Wales: ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, na mwimbaji wao Alison Statton. Walianza 1978, baada ya bendi yao ya kupiga nyimbo za wengine kusambaratika. Jina walilitoa kwenye kitabu cha sanamu za kale za Wagiriki: vijana wa marumaru, wakubwa kupita kiasi, wamesimama wima mikono ubavuni. Sijui bendi nyingi zilizofanana na jina lake namna hiyo.

Mpiga ngoma hawakuwa naye. Binamu yao, Peter Joyce, fundi wa simu, aliwaundia mashine ya mapigo. Mapigo wakayarekodi kwenye kaseti, na jukwaani wakawa wanaiwasha kaseti na kupiga juu yake. Sasa, kaseti haimsubiri mtu wala haichangamki watu wakishangilia. Ikishaanza kuzunguka, wewe ndiye unayeifuata. Nadhani utulivu wao wote ulianzia hapo.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua solo lina kazi yake, rithim ina yake, besi nayo vivyo hivyo. Kwa hawa kazi zimebadilishana. Philip anaipiga besi kwa juu, inaimba kama solo. Stuart, na gitaa lake la Rickenbacker, anaziba nyuzi kwa kiganja, kila noti inakatika kabla haijaota mkia, na ile tiki-tiki ndiyo inayobeba mwendo. Mara moja moja kinanda kinaingia, kinasema neno, kinatoka. Pale katikati, ambapo bendi ya roki kwa kawaida hujenga ukuta wa kelele, pako wazi kabisa, na ndipo aliposimama Alison. Anaimba kama mtu anayekunja nguo huku mawazo yako mbali. Wapo wanaosema hajui kuimba. Mimi nawaambia waiweke pale sauti yenye mikogo waone: itajaza nafasi iliyoachwa makusudi, na wimbo utakuwa umekwisha.

Walikuwa wamekaribia kukata tamaa walipotia nyimbo kwenye santuri ya pamoja ya bendi za Cardiff, 1979. Ikafika London, kwa Rough Trade, duka la santuri lililokuwa limeanzisha lebo huru, yaani kampuni yake ndogo ya kutoa santuri, iliyokuwa ikigawana faida na wanamuziki nusu kwa nusu. Wakaambiwa warekodi albamu nzima. Wakaenda studio ya Foel, shamba huko Wales, na kwa siku chache tu wakatoka na nyimbo 15, chini ya dakika 40 zote. Mwaka uleule wa albamu, 1980, wakatoa Final Day, wimbo wa siku ya mwisho ya dunia kwa bomu la nyuklia. Haufiki dakika mbili. Noti moja nyembamba inalia humo tangu mwanzo hadi mwisho, kama jokofu usiku wa manane, wala hakuna anayepaza sauti.

Shida ni kwamba hata wao kwa wao hawakupaza sauti. Nyimbo nyingi alizitunga Stuart, na alitaka aziimbe mwenyewe. Philip akashikilia kwamba bila Alison, aliyekuwa mpenzi wake, naye hayumo. Stuart alikubali, na miaka mingi baadaye alikiri wazi kwamba jambo hilo lilimkaa moyoni. Hebu fikiria: unaandika maneno yako ya ndani, kila usiku unayasikia kinywani mwa mtu ambaye hukumchagua, na yeye ndiye anayeyapendezesha. Baada ya ziara ya Marekani mwishoni mwa 1980, bendi ikafa. Santuri yao ndogo ya mwisho, Testcard, ilitoka 1981 ikiwa ala tupu. Mwimbaji hayumo.

Stuart akaanzisha bendi ya The Gist, Alison akaenda na bendi ya Weekend. Baadaye waliwahi kukutana tena jukwaani, lakini albamu ya pili haikuja. Kurt Cobain wa Nirvana aliitaja Colossal Youth miongoni mwa albamu alizozipenda kuliko zote, na mwaka 1994 Hole, bendi ya mkewe Courtney Love, wakaurudia wimbo mmoja wa albamu hiyo, Credit in the Straight World. Magitaa yananguruma, ngoma zinapasuka, pengo lote limezibwa. Huwa nawawekea wanafunzi rekodi zote mbili, moja baada ya nyingine. Wengi wanaipenda zaidi ile ya Hole.