Maigizo ya mwili si maigizo bubu

Siku hizi kila onyesho lenye watu wanaobebana na kugaagaa jukwaani huitwa maigizo ya mwili, na mwigizaji akithubutu kusema neno, watazamaji wanalalamika kwamba amekiuka kanuni. Kanuni ipi? Maigizo ya mwili ni yale ambayo kisa hubebwa kwanza na mwili. Hakuna aliyesema mdomo ufungwe.

Ukimya ni sharti la maigizo bubu, yale ya kupapasa ukuta usiokuwepo. Jacques Lecoq, mwalimu Mfaransa wa uigizaji aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, alianzia kwenye mwendo na barakoa, lakini hakuwakataza wanafunzi kusema. DV8, kundi la maigizo ya mwili lililoanzishwa London mwaka 1986 na Lloyd Newson na wenzake, baadaye lilitumia maneno ya watu halisi waliohojiwa, wachezaji wakiyatamka huku wakicheza.

Mkanganyiko huu unaniudhi zaidi kisa kinapokuwa kizito. Chukua Kanada. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990 serikali iliwasaka watumishi wa umma, wanajeshi na polisi waliodhaniwa kuwa wapenzi wa jinsia moja, kwa hoja kwamba majasusi wa Kisovieti wangeweza kuwatishia kuwafichua ili watoe siri. Walihojiwa, wakabanwa wawataje wenzao, wakapoteza kazi. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Robert Wake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, alitafuta kipimo cha kuwatambua kwa fedha za serikali. Mtu alikalishwa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, akaonyeshwa picha, nyingine za watu walio uchi, huku kamera ikizipiga picha mboni za macho yake. Zikipanuka mbele ya picha ya mtu wa jinsia yake, ushahidi huo. Kumbe mboni hubadilika hata kwa mwangaza wa picha yenyewe! Mradi ukaachwa kabla muongo huo haujaisha, lakini watu waliendelea kufukuzwa. Waziri Mkuu Justin Trudeau aliomba radhi bungeni tarehe 28 Novemba 2017.

Serikali ile haikuridhika na majibu ya mdomo, ikataka mwili ujishtaki. Ndiyo maana kisa hiki kinaufaa mno mtindo huu. Mwigizaji anakaa, mikono ya wenzake inamshika kichwa kisigeuke, mwingine anasoma maswali kwa sauti ya karani asiye na haraka. Shingo inakakamaa, vidole vya miguu vinajikunja. Ukiinyamazisha sauti hiyo ya karani, umeiondoa serikali jukwaani, na kilichobaki ni mtu anayeteseka bila mtesaji.

Kwa hiyo onyesho la aina hii likisema, usilihesabie kosa. Jiulize tu: ningefumba macho, ningekipata kisa chote? Kama ungekipata, hapo ndipo jina la maigizo ya mwili halilifai.