Chombo kikuambie kimekuelewaje

Alikuwa mkunga wa miaka mingi aliyerudi chuo kusoma shahada. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanigeuzia kompyuta yake. "Mwanangu, ina maana hakuna aliyewahi kuandika kuhusu kifafa cha mimba kwenye hospitali zetu?" Kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubMed, hazina ya mtandaoni ya taarifa za makala za tiba, alikuwa ameandika kichwa chote cha utafiti wake, kwa Kiingereza, maneno kumi na saba, hadi jina la wilaya. Jibu la skrini lilikuwa moja: hakuna kilichopatikana.

Mimi ni mkutubi wa sayansi za afya, na hali hii naiona karibu kila wiki. Mama yule hakufanya uzembe wowote. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mtu. Asichokijua ni kwamba PubMed ikipewa maneno mengi huyaunganisha yenyewe kwa AND (yaani 'na'), kimyakimya, na kudai makala yenye yote kwa pamoja. Kila neno unaloongeza linabana mlango, na mlango ukishafungwa mara nyingi huambiwi ni neno lipi lililoufunga.

Zamani kulikuwa na mtu katikati. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilipoanza kutoa huduma ya MEDLINE, orodha yake ya makala za tiba kwenye kompyuta, kwa njia ya simu mwaka 1971, daktari hakuwa anagusa mashine. Alikaa na mkutubi aliyefunzwa, akaeleza anachotaka, na mkutubi akamhoji: wagonjwa gani, umri gani, unataka tiba au kinga? Mwaka 1986 ikaja programu ya Grateful Med, iliyomwezesha daktari kujaza fomu kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 1997 PubMed ikafunguliwa bure kwa dunia nzima. Kwetu huku hiyo ilikuwa neema kubwa, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mkutubi alipoondoka, yale maswali yake yaliondoka naye, na hakuna aliyeyarudisha kwenye mashine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kurahisisha ni kupunguza vitufe na kuacha kisanduku kimoja cheupe. Kisanduku cheupe ni rahisi kukitazama tu. Kinachomrahisishia mtaalamu kazi ni chombo kinachomwonyesha kimeyaelewaje maneno yake, ili akirekebishe pale kilipokosea.

Chukua mfano wa presha. Mgonjwa akifika zahanati akasema ana presha, muuguzi hamrudishi nyumbani akajifunze kusema "shinikizo la damu". Anamwelewa, na kwenye faili anaandika istilahi ya kitabibu. PubMed nayo ina muuguzi wa aina hiyo ndani yake. Ni orodha ya istilahi iitwayo MeSH, iliyoanza mwaka 1960. Ukiandika high blood pressure, inakutafsiria iwe Hypertension na kukuletea hata makala ambazo hazina maneno yako. Kazi nzuri sana. Shida ni kwamba tafsiri hiyo imefichwa. Ili uione inabidi uingie ukurasa wa utafutaji wa kina, ushuke kwenye historia, ubofye kialama kidogo chini ya neno Details. Wanafunzi wengi ninaowafundisha hawajawahi kukibofya.

Kibaya zaidi, ukizungushia maneno yaleyale alama za nukuu, au ukaweka kinyota mwishoni mwa neno, tafsiri inazimika. Nimeona watu makini kabisa wakiweka nukuu kila mahali kwa kuamini wanaongeza usahihi, kumbe wanamfukuza muuguzi. Mstari mmoja tu chini ya kisanduku, unaosema "nimetafuta maneno haya kama yalivyo, bila visawe", ungewaokoa.

Kuna na suala la mpangilio. Andika children AND malaria OR anaemia (OR ni 'au') bila mabano, PubMed itasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na utapata makala zote za upungufu wa damu duniani, za wazee zikiwemo. Mabano yanatibu hilo, ila binadamu hasomi vizuri mabano yaliyorundikana. Napenda vyombo kama 2Dsearch vinavyokuruhusu kupanga maneno kama vitalu kwenye ubao badala ya mstari mmoja mrefu, kwa sababu jicho linaona mara moja nini kimefungwa na nini.

Upangaji wa matokeo kwa kufaa zaidi, ambao PubMed mpya ya mwaka 2020 inauanza nao, unamfaa daktari anayetaka makala mbili tatu nzuri kabla ya raundi ya wodi. Anayefanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, anahitaji kitu kingine: kupata zote, na kuweza kuonyesha alizipataje. PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya aina hiyo, unamtaka aweke mkakati wake kamili wa utafutaji, ili mwingine aweze kuurudia. Chombo kinachompa jibu safi bila kumwonyesha njia kimemrahisishia leo na kumkwamisha siku ya kutetea kazi yake.

Kwa yule mama tulianza upya. Nilimwomba anieleze utafiti wake bila kuangalia karatasi, akautaja kwa mambo matatu: kifafa cha mimba, wauguzi na wakunga, Tanzania. Tukatafuta jambo moja moja, kila moja likapata mstari wake kwenye historia na idadi yake pembeni. Hapo uso wake ulibadilika, maana kwa mara ya kwanza aliona kila neno linaleta nini. Tukaunganisha mstari wa 1 na wa 2, idadi ikashuka. Tukaongeza wa 3, zikabaki makala ambazo mtu anaweza kuzisoma zote kwa siku chache. Akafungua daftari, akanakili mistari yote pamoja na idadi na tarehe.

"Sasa mwanangu, nikitoa Tanzania nikaweka Afrika Mashariki?" Nikasogeza kiti nyuma, akaandika mwenyewe.