Kupulizia mbegu kwenye ardhi iliyochubuliwa: dhana potofu na ukweli kwa Nyanda za Juu Kusini

Kingo za barabara zilizokatwa mlimani kati ya Mbeya na Chunya, machimbo ya changarawe yaliyoachwa wazi kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mashimo ya dhahabu, vifusi vya makaa ya mawe: huko kote udongo wenye rutuba umeshaondolewa, na uliobaki juu haujawahi kuotesha kitu. Mvua zikianza Novemba au Desemba, ukingo usio na majani huchorwa vijifereji, na kufikia Aprili vijifereji vimekuwa makorongo. Udongo huo huziba makaravati, hufukia mashamba ya bondeni na kuchafua mito.

Njia mojawapo ya kuotesha majani haraka mahali kama hapo ni haidrosidi: rojo la maji, mbegu, nyuzi za mbao au karatasi, mbolea na gundi, linalokorogwa kwenye tangi na kupuliziwa kwa pampu. Ilienea kutoka Marekani kuanzia miaka ya 1950, ikitumika kwenye kingo za barabara kuu. Ni njia nzuri, ila imezungukwa na imani zinazopoteza fedha nyingi.

Dhana: "Rojo likishika, majani yataota, hata juu ya udongo mgumu"

Hakuna imani inayoangusha kazi kama hii. Rojo likikauka lina unene wa milimita chache tu. Kazi yake ni kuishikilia mbegu isisombwe na kutunza unyevu kwa wiki za mwanzo, basi. Mche wa siku kumi tayari unatafuta maji na chakula chini ya rojo. Ukikuta udongo ulioshindiliwa na katapila, mzizi hutambaa juu juu, na siku chache za jua kali humaliza kila kitu.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya pampu kuwashwa. Kwanza, kata mfereji wa kukinga maji juu ya kichwa cha mteremko, uyapeleke pembeni kwenye njia iliyojengwa kwa mawe. Pili, punguza ukali wa mteremko kama nafasi ipo. Mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 2 za kulala hupokea rojo vizuri. Ukifika mita 1 kwa mita 1, rojo peke yake ni kubahatisha, na panahitaji wavu au mkeka wa nyuzi za katani au nazi. Ukingo mrefu ukatwe ngazi kila mita 5 hadi 7 za kimo ili maji yasikusanye kasi.

Tatu, acha uso ukiwa na makwaruzo. Wakandarasi wengi hupenda ukingo uliolainishwa ukang'aa, na unapendeza kweli machoni, lakini mbegu haina pa kukaa. Katapila ipande na kushuka mteremko, alama za minyororo yake zilale kwa kukingama. Kila alama ni kitanda kidogo cha mbegu. Mahali pasipofikika kwa mtambo, jembe na reki hutosha.

Udongo wa juu uliowekwa akiba wakati wa kuchimba urudishwe kwa sentimita 10 hadi 15. Kabla ya kuurudisha, kwaruza udongo wa chini. Usipofanya hivyo, tabaka jipya litateleza lote kwa mvua kubwa ya kwanza, likiwa na mbegu zako zote.

Dhana: "Haidrosidi huzuia maporomoko"

Hapana. Huzuia matone ya mvua na maji yanayotiririka juu ya uso yasibebe udongo. Mlima unaokatika kwa kina cha mita kadhaa haushikiliwi na mizizi ya nyasi. Kwenye miteremko yenye majivu ya volkano na tabaka za pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye matundu), kama ile ya Rungwe, maji yakiingia kati ya tabaka ukingo hukatika na majani yake juu. Hapo panahitaji mhandisi, mifereji ya kutoa maji ya ndani na pengine gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Majani huja baadaye.

Dhana: "Ile rangi ya kijani ndiyo dawa"

Ni rangi tu. Inamwonyesha mpuliziaji wapi ameshapita na wapi bado, na hufifia kwa jua. Ukingo ulio kijani siku ya malipo hauthibitishi chochote. Kipimo ni majani yaliyosimama baada ya wiki nane.

Dhana: "Maranda ya Mafinga yanatosha badala ya nyuzi za mbao"

Wazo hili linaeleweka, maana maranda na vumbi la msumeno vimejaa kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi. Lakini vumbi la msumeno ni punje. Nyuzi za mbao hutengenezwa kwa mvuke na kuchambuliwa hadi kuwa ndefu na zenye kusokotana. Ndiyo maana hushikamana juu ya udongo. Punje huelea kwenye tangi, huziba nozeli, na mvua huzisomba. Zaidi ya hapo, vumbi bichi likioza hunyonya naitrojeni ya udongo, na miche hugeuka njano ingali midogo.

Karatasi chakavu iliyosagwa na kulowekwa ina nafasi yake kwenye uwanja tambarare au mteremko mdogo. Ikizidi unene hukauka ikawa gamba gumu ambalo mche hauwezi kulipasua, na kwenye mteremko mkali nyuzi zake fupi hazishiki.

Vipimo: mahali tambarare, nyuzi kilo 1,700 hadi 2,200 kwa hekta, mteremko mkali, kilo 3,000 hadi 3,500. Tangi lenye mapanga ya kukorogea hubeba takriban kilo 50 za nyuzi kwa lita 1,000 za maji. Piga hesabu: hekta moja kwa kilo 2,000 inahitaji lita 40,000, kwa kilo 3,500 ni lita 70,000, yaani boza la lita 10,000 mara saba. Ukiona makadirio ya mkandarasi yana boza mbili kwa hekta nzima ya mteremko, jua rojo litakuwa theluthi moja ya linalohitajika au pungufu, au nyasi zitapuliziwa kwenye karatasi za ripoti tu.

Kwenye mteremko mkali au mahali pakavu, pulizia mara mbili. Mkupuo wa kwanza uwe na mbegu zote, mbolea na nyuzi kidogo, ili mbegu iguse udongo. Wa pili uwe na nyuzi zilizobaki na gundi. Mbegu zikiwekwa zote ndani ya rojo zito, nyingi huning'inia katikati ya nyuzi, huota, halafu hukauka kabla mzizi haujafika chini. Pulizia pia kutoka pande mbili, la sivyo nyuma ya kila bonge patabaki kivuli kitupu kisichofikiwa na rojo.

Dhana: "Tuchanganye vetiva, ndiyo inayoshika udongo"

Vetiva, nyasi ya mashina yenye mizizi ya kwenda chini sana, inashika kweli, ila haipuliziwi. Aina inayotumika kwa hifadhi ya udongo haitoi mbegu zinazoota. Hupandwa kwa mashina yaliyogawanywa, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, kwenye mistari ya kontua, yaani inayokingama mteremko kwa usawa mmoja. Kwa kingo za mvua nyingi za Rungwe mpango bora ni kuunganisha: mistari ya vetiva kila mita 1 hadi 2 za kimo, na rojo katikati yake.

Mbegu za kupulizia ni zile ndogo za nyasi. Ukoka hufunga uso lakini huchelewa kuota, mara nyingi wiki mbili hadi tatu. Boma rhodes huota mapema na hutambaa kwa vikonyo. Kwenye miinuko yenye baridi, nyasi za kikuyu na setaria hustahimili zaidi. Changanya na nafaka ya kulinda: ulezi kilo 5 kwa hekta sehemu za joto, shayiri sehemu za baridi kama Njombe na Makete. Iwe kidogo, kwa sababu ikisongamana itazitia kivuli nyasi unazozitaka.

Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo tunasisitiza jambo moja: msipulizie nyasi ngeni au zenye tabia ya kutawala. Uwanda ule unajulikana kwa maua yake ya asili, na nyasi ya kutambaa ikishaingia haitoki. Kusanyeni majani ya asili ya jirani yaliyokomaa na mbegu zake, myatandaze. Ni kazi ya mikono zaidi, lakini ndiyo halali kwa mahali pale.

Dhana: "Mbegu nyingi na mbolea nyingi, majani mapema"

Kinachohesabiwa ni mbegu hai. Gunia lenye usafi wa asilimia 80 na uotaji wa asilimia 50 lina asilimia 40 tu ya mbegu hai. Ukihitaji kilo 10 hai, weka 25. Mbegu za boma rhodes zilizovunwa karibuni pia hulala kwa miezi kadhaa, basi dai majibu mapya ya kipimo cha uotaji. Ukishapata idadi sahihi usiizidishe: miche iliyosongamana hugombania maji na hufa pamoja.

Mbolea ni chumvi. Ikikolea kwenye tangi huunguza mbegu, na mikunde kama desmodiamu huumia zaidi kwa sababu bakteria wa vifundo vya mizizi waliopakwa kwenye mbegu hufa. Weka fosforasi ya kutosha mwanzoni, naitrojeni kidogo tu, kisha wiki ya sita hadi ya nane urushie takriban kilo 100 za CAN (mbolea ya naitrojeni ya kukuzia) kwa hekta.

Udongo mwekundu wa Mufindi na Njombe mara nyingi una tindikali kali, na aluminiamu inayoyeyuka hudumaza mizizi. Pima kwanza, TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) wapo Mbeya. Chokaa ya kilimo ikihitajika, itawanye kwa mkono na kuifukia kabla. Kuitia kwenye tangi husaga pampu, na chokaa iliyochomwa ikikutana na DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni) huitoa naitrojeni yake kama gesi ya amonia.

Dhana: "Ilimradi ni masika, pulizia"

Gundi inahitaji saa 24 bila mvua ili ishike. Tukuyu mwezi Machi saa hizo ni adimu. Muda mzuri ni mwishoni mwa Novemba hadi Desemba, mvua zikiwa zimeanza lakini bado zina mapumziko. Upande mkavu wa Iringa, kama Isimani, kazi iishe mapema ili miche ipate miezi mitatu ya unyevu. Juni hadi Agosti usijaribu: ni kukavu, na baridi huzuia nyasi za joto kuota.

Dhana: "Bila mtambo mkubwa haiwezekani"

Eneo dogo lenye mteremko wa wastani halihitaji rojo kabisa. Rusha mbegu kwa mkono, piga reki, tandaza majani makavu gramu 400 kwa mita ya mraba. Mara nyingi matokeo ni yale yale kwa gharama ndogo.

Ukitaka kupulizia, tumia pampu ya maji machafu ya inchi 2 au 3. Ya maji safi itaziba. Jaza maji mpaka yafunike mapanga, anza kukoroga, tia nyuzi kidogo kidogo, kisha mbolea, kisha gundi ukiinyunyiza taratibu isifanye mabonge. Mbegu ziingie mwisho, na rojo liishe ndani ya saa moja. Likilala kwenye tangi, mapanga huumiza mbegu na mbolea huziunguza. Osha tangi na mpira siku hiyo hiyo.

Dhana: "Majani yakitoka kazi imekwisha"

Kagua baada ya kila mvua kubwa ya mwezi wa kwanza. Kijifereji kikionekana, tafuta maji yanatoka wapi juu yake kabla ya kukifukia na kupulizia upya. Ng'ombe na mbuzi wasiingie kwa msimu mzima, kwa kuwa hung'oa mche na mzizi wake. Kabla ya Agosti fyeka mkanda wa kuzuia moto wa mita 3 hadi 5 kuzunguka eneo, na waelezeni wenyeviti wa vijiji mapema ukingo mnaokusudia kuulinda ni upi.