Mtandao full lakini sauti mbovu, inakuwaje?

Wengi wakituletea malalamiko ya sauti mbovu kwenye simu wanaanza hivi, "mbona mtandao ulikuwa full?" Sawa ulikuwa full, ila vile vistari vya kwenye skrini vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu, havijui sauti iliyofika sikioni ikoje.

Kipimo cha sauti ni watu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lina utaratibu wake unaitwa P.800, wasikilizaji wa kawaida wanakaa kwenye chumba kimya wanasikilizishwa sentensi fupifupi zilizopitishwa kwenye simu, kila mtu anatoa maksi, 1 mbaya kabisa mpaka 5 safi sana, halafu unatafutwa wastani. Hiyo ndo MOS. Programu tunazopimia siku hizi zinakisia tu binadamu angetoa ngapi.

Simu za kizamani zinapitisha hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 300 mpaka 3400 basi. Mwanaume mwenye sauti nzito anaanzia kwenye hezi 100 hivi, yaani chini ya hizo 300, na bado unamsikia mzito kwa sababu ubongo unaijazia wenyewe. Kwa s na f ubongo hauna pa kushika, tofauti zao nyingi ziko juu ya 3400, ndo maana unasema "nimemfuta" shangazi anasikia "nimemsuta" na ugomvi unaanzia hapo. Simu za sauti ya HD, yaani sauti pana zaidi, zinafika hezi 7000, utaisikia tofauti palepale, ila lazima simu zote mbili ziwe nayo na mtandao nao uikubali.

Lakini kinachonikera mimi ni ucheleweshaji. Sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150 karibu hamna anayeshtuka, na ITU wanashauri mtandao usipangwe kuzidi 400. Hapo katikati ndo kuna balaa, sauti safi, haikatikikatiki, ila mnagongana, wote mnaanza wote mnanyamaza, "haya sema wewe", "hapana, maliza". Simu inayopitia setilaiti ya kilomita karibu 36,000 juu, kupanda na kushuka tu ni kama robo sekunde! Na kwa vile hausikii kasoro yoyote kwenye laini, lawama unampa mtu, huyu leo hana mpango na mimi. Jaribio la kusikiliza peke yake halikamati hili, inabidi wawili waongee kweli, wapewe kazi ya kupanga pamoja.

Kwa hiyo ukituandikia "mtandao mbovu" tu hatuna pa kuanzia. Sema ilikatikakatika, au sauti ilikuwa kama roboti, au ulijisikia mwenyewe ukijirudia, au mlikuwa mnagongana, na ulikuwa wapi saa ngapi.