Mfumo wa usimamizi wa usalama mahali pa kazi: maana yake

Ukimuuliza mwenye karakana kuhusu usalama, mara nyingi atakuonyesha kofia ngumu, kizima moto na bango la "Usalama Kwanza" lililobandikwa ukutani. Hivyo ni vitu. Mfumo ni njia ambayo habari za hatari hupita: anayeziona anazisema, zinamfikia mwenye mamlaka na fedha, kinachotakiwa kinafanyika kwa tarehe iliyowekwa, kisha mtu anarudi kuangalia kama hatari imeondoka kweli. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja tu, kofia na bango havimsaidii mtu.

Kiwango cha kimataifa kinachoeleza mfumo huu ni ISO 45001, kilichotoka Machi 2018 na kuchukua nafasi ya kiwango cha awali, OHSAS 18001. Kabla yake, mwaka 2001, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa mwongozo wake. Vyote vinazunguka hatua nne: kupanga, kutekeleza, kukagua na kurekebisha, kisha unaanza tena. Cheti cha ISO ni hiari. Sheria si hiari: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Kampuni inaweza kuwa na cheti na bado ikavunja sheria, na inaweza kutii sheria vizuri bila cheti chochote.

Tuchukue karakana ya useremala yenye watu wanane. Kazi ya kwanza ni tathmini ya vihatarishi, na haifanyiki mezani. Msimamizi anatembea na fundi mwenyewe, wanafuata mbao kuanzia inaposhushwa kwenye gari hadi kabati linapotoka likiwa limepakwa vanishi. Wataandika msumeno wa duara, vumbi, kelele, mvuke wa vanishi, waya uliochubuka, mbao zilizopangwa juu kupita kichwa. Kila kimoja hupewa alama mbili, 1 hadi 5: uwezekano wa kutokea, na uzito wa madhara. Zidisha. Msumeno usio na kinga ukipata 4 kwa 5, hiyo ni 20, unakuwa wa kwanza kwenye foleni. Alama hizi ni za kupanga foleni tu, hazipimi kitu kama mizani. Kinachoharibu zoezi hili ni kupunguza alama ili karatasi ipendeze, huku msumeno ukiwa vilevile.

Kisha yanakuja maamuzi ya namna ya kuzuia, na hapa ndipo biashara nyingi hukosea, kwa sababu huanzia mwisho. Mpangilio sahihi ni huu: kwanza ondoa hatari kabisa, mfano kununua mbao zilizokwisha kupasuliwa kwa kipimo. Ikishindikana, badilisha kwa kitu chenye madhara madogo, kama vanishi ya maji badala ya ile inayochanganywa na thina. Kisha weka kizuizi cha kiufundi. Baada ya hapo ndiyo taratibu, mafunzo na mabango. Vifaa kinga kama barakoa na viziba masikio huja mwisho, kwa kuwa havipunguzi hatari yenyewe na hutegemea mtu avivae sawasawa kila dakika ya kazi.

Kwa msumeno ule, kizuizi cha kiufundi ni kifuniko cha juu pamoja na bapa la chuma linalosimama nyuma ya meno, umbali usiozidi milimita 8. Bapa hilo huzuia mbao kujifunga na kuubana msumeno. Likitolewa, mbao huweza kunaswa na kurushwa kumrudia fundi. Sentimita 30 za mwisho za mpasuo zisukumwe kwa kijiti chenye urefu wa angalau sentimita 45, si kwa vidole. Vumbi lifyonzwe pale linapozaliwa. Kulipuliza kwa kompresa hulirudisha hewani, na vumbi la mbao limeorodheshwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Swali la kuuliza kabla ya kumlaumu fundi aliyeondoa kifuniko: kwa nini alikiondoa? Mara nyingi kinamzuia kuona mstari, au kimepinda na kinakwaruza mbao, au amepewa oda ya kumaliza leo. Uchunguzi wa ajali unaoishia kwenye neno "uzembe" haujamaliza kazi, maana fundi mwingine akiwekwa pale kesho atakuta sababu zilezile. Endelea kuuliza kwa nini mpaka ufike kwenye jambo ambalo uongozi unaweza kulibadilisha: ratiba, kipuri, bajeti, mafunzo.

Wakati wa kubadilisha meno ya msumeno au kufungua mashine, swichi kuu izimwe na kupigwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi hiyo, kisha abonyeze kitufe cha kuwasha ahakikishe mashine imekufa kweli. Kuzima tu hakutoshi. Mwenzake atakuja, ataona mashine imelala, atawasha.

Sehemu inayodharauliwa zaidi ni taarifa za nusura, yaani matukio ambayo yangeweza kuumiza lakini hayakuumiza. Mbao ilianguka, mtu alikuwa amepita sekunde mbili kabla. Hiyo ni ajali iliyokuja kujitambulisha bure. Lakini kampuni ikitoa zawadi kwa miezi isiyo na ajali, watu huficha vidonda, na anayetoa taarifa akigombezwa, taarifa zitakoma. Pima mambo ambayo hayafichiki kirahisi: vihatarishi vingapi vimetajwa mwezi huu, vingapi vimefungwa ndani ya muda.

Kuhusu ukaguzi, sheria ya Kenya inataka sehemu ya kazi ifanyiwe ukaguzi kamili angalau mara moja kila miezi 12, iwe na kamati ya usalama ikifikisha wafanyakazi 20, na kifo kazini kiripotiwe ndani ya saa 24, barua ikifuata ndani ya siku saba. Karakana ya watu wanane haihitaji programu ya kompyuta. Daftari moja linatosha, lenye safu sita: tarehe, kilichoonekana, aliyekiona, hatua, mwenye jukumu, tarehe ya mwisho. Mwenye jukumu aandikwe kwa jina; ukiandika "uongozi" au "wote" hakuna atakayeshika. Kila Jumatatu mwenye biashara afungue daftari mbele ya mafundi na kusoma yaliyobaki wazi. Jambo likisomwa wiki ya tatu bila kufungwa, mashine inayohusika isimame hadi lishughulikiwe.