"Viko D, viko salama": uongo kuhusu kugawa diski unaopoteza kazi za watu

Mteja akileta laptopu na kuniambia C imejaa, anataka iongezwe kwa kupunguza D, swali langu la kwanza huwa ni moja: bekapu iko wapi? Jibu ni lilelile. "Usiwe na wasiwasi fundi, vitu vyangu vyote viko D." Nimelisikia kwa walimu, kwa wahasibu, kwa wapiga picha za harusi, na kinachoniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu wanaowafundisha wateja hivyo. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa lote.

"Vitu viko D, kwa hiyo viko salama"

Katika kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu, C na D ni diski moja. Kama ni diski ya kuzunguka, sahani ni zilezile, mota ni ileile, vichwa vya kusomea ni vilevile. Kama ni SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, chipu ni zilezile na kidhibiti ni kilekile. Kinachozitenganisha ni jedwali dogo la patisheni, yaani vipande vya diski, lililoandikwa mwanzoni mwa diski, likisema kuanzia sekta (kijisehemu cha diski) hii hadi ile ni patisheni ya kwanza, kuanzia hapa hadi pale ni ya pili. Ni mstari wa chaki katikati ya chumba kimoja. Paa likianguka, linaangukia pande zote mbili.

Imani hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Enzi za Windows XP, Windows ilikuwa ikiharibika mara kwa mara. Fundi anafomati C, anaweka Windows upya, D inabaki kama ilivyokuwa. Hilo ni kweli hadi leo. D inakukinga na jambo moja tu: kufomatiwa kwa C. Haikukingi na diski kufa. Haikukingi na mwizi. Haikukingi na chai iliyomwagika kwenye kibodi. Wala haikukingi na virusi vya kudai fidia, ambavyo hupitia kila herufi ya diski vinayoiona, C, D, hata eksteno, yaani diski ya nje, uliyoisahau ikiwa imechomekwa, na kufunga faili zote.

Aliwahi kuja mwanafunzi wa uzamili, laptopu yake inatoa mlio wa tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Kwenye D kulikuwa na folda iitwayo BACKUP, ndani yake nyingine iitwayo BACKUP MPYA, na humo ndimo tasnifu ilimokuwa: sura zote, majedwali ya data, rekodi za mahojiano. Huyu hakuwa mzembe. Kila wiki alinakili kazi yake kutoka Documents kwenda D, kwa nidhamu ambayo wengi wetu hatuna. Ila alikuwa anaitoa upande mmoja wa diski na kuipeleka upande mwingine wa diski hiyohiyo. Diski ilipoanza kufa, asili na nakala vilikufa pamoja. Sehemu ya maandishi tuliipata. Rekodi nyingi za mahojiano hazikusomeka tena. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemwambia kwamba D ni bekapu.

Ukitaka kujua yako ikoje, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management, kisha tazama sehemu ya chini. Kama C na D zimekaa kwenye mstari mmoja ulioandikwa Disk 0, hiyo ni diski moja. Kama D iko kwenye mstari wa Disk 1, hicho ni kifaa kingine, na walau kifo cha diski moja hakitakumaliza. Lakini hata hapo vyote viwili viko ndani ya mashine moja, na mwizi hafungui skrubu kukuachia diski ya pili.

Bekapu ni nakala iliyo kwenye kifaa kingine, ambacho muda mwingi hakijachomekwa, na kama una uwezo basi nakala nyingine iwe nje ya nyumba au kwenye wingu. Eksteno moja inatosha kuanzia.

"Programu inasogeza mpaka tu, data haiguswi"

Hapa ndipo ile imani ya kwanza inapogeuka hatari, maana mtu asiye na bekapu ndiye anayeingia kwenye kazi hii akiwa na amani kuliko wote.

Ukifungua programu ya kugawa diski kama GParted, MiniTool Partition Wizard, AOMEI Partition Assistant au EaseUS Partition Master, unaona ukanda wenye rangi na unavuta ukingo kwa kipanya. Ukingo unasogea papo hapo. Watu wanadhani na diskini mambo yako hivyohivyo. Hapana. Unachokiona ni mpango tu. Kazi inaanza ukibofya Apply, na uzito wake unategemea ni ukingo upi umeuvuta.

Chukua diski ya GB 500. C ina GB 100, imejaa. D imechukua zilizobaki, ina GB 200 za faili. Ukipunguza D upande wake wa kulia, kazi huwa nyepesi: programu inahamisha faili zilizokaa mwishoni, inarekebisha mfumo wa faili, inabadilisha namba kwenye jedwali. Lakini nafasi inayopatikana iko mwishoni mwa diski, ng'ambo ya D, na C haiwezi kuirukia. Ndiyo sababu kwenye Disk Management neno "Extend Volume" linabaki limefifia. Windows haijaharibika; yenyewe inaongeza patisheni kwa nafasi tupu iliyo jirani yake upande wa kulia tu.

Ili C ipate nafasi, lazima mwanzo wa D usogee. Na mwanzo wa D ukisogea, kila kilichomo ndani yake kinasomwa kutoka pale kilipo na kuandikwa upya mbele. GB 200 zote. Kwenye diski ya kuzunguka, kichwa kilekile kinasoma hapa, kinaruka, kinaandika kule, kinarudi. Kwa mwendo wa MB 40 kwa sekunde hiyo ni karibu saa moja na nusu, na diski iliyochoka inachukua zaidi ya hapo. GParted yenyewe inakuonya kabla kwamba kusogeza patisheni kunaweza kuchukua muda mrefu sana. Katika muda wote huo, nusu ya D iko mahali papya na nusu iko mahali pa zamani.

Sasa umeme ukatike. Au LUKU iishe. Au laptopu iwe ile ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa chaja, na mtoto akwae waya. Baadhi ya programu huweka kumbukumbu ya hatua ili ziweze kuendelea, lakini mimi siweki tasnifu ya mtu rehani kwa matumaini hayo. Kompyuta isiyo na betri nzima wala UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, mimi siigawi upya. Mteja akikasirika, aende nayo.

Na diski yenyewe ipimwe kwanza. CrystalDiskInfo ni ya bure na inakuonyesha taarifa za SMART, yaani afya ya diski inavyojiripoti yenyewe. Nikiona Current Pending Sector, idadi ya sekta zinazosumbua kusomeka, imepanda kutoka sifuri, sigawi kitu. Nanakili data kwanza kisha namwambia mteja anunue diski nyingine. Wapo wanaoamini kwamba ukigawa upya, sekta mbovu zinapona au zinatengwa. Diski inayokufa, ukiilazimisha kusoma na kuandika GB 200 mfululizo, unaiharakisha kaburini.

Njia ninayoipendekeza kwa kila mtu haihitaji programu ya nje kabisa. Nakili D yote kwenye eksteno. Fungua faili chache huko uhakikishe zinafunguka: picha moja, hati moja, video moja. Kisha futa D kwenye Disk Management, ongeza C kwa "Extend Volume", tengeneza D mpya kwenye nafasi iliyobaki, rudisha faili zako. Muda unakaribiana na ule wa kuvuta ukingo. Tofauti ni kwamba umeme ukikatika hatua yoyote, nakala kamili ipo mahali, na ukimaliza unajikuta na bekapu ambayo hukuwa nayo asubuhi. Usiifute.

Kuna vikwazo viwili vinavyowakwamisha wengi hapo. Kwanza, kwenye diski zenye jedwali la mtindo wa zamani liitwalo MBR, D mara nyingi iko ndani ya patisheni kubwa inayoifunika. Ukifuta D, eneo linaonekana la kijani, limeandikwa "Free space", na C bado inakataa kuongezeka. Lifute mara ya pili mpaka liwe jeusi na liandikwe "Unallocated". Pili, kwenye Windows za karibuni, kati ya C na D hukaa patisheni ya Recovery, ya kuirekebisha Windows ikigoma, ya mia kadhaa za MB, nayo inaziba njia. Hiyo inatolewa kwa utaratibu: amri ya reagentc /disable kwanza, ndipo uifute kwa diskpart, programu ya amri ya Windows, uongeze C, kisha reagentc /enable.

Kabla ya yote hayo, angalia kama D imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data kwa ufunguo, na C pia. Laptopu nyingi za Windows 11 huja zimefungwa kimyakimya na mwenyewe hajui. Pata ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi, ndipo uguse patisheni. Na kama unatumia GParted kutoka kwenye flashi, zima Fast Startup kwanza, maana inaifanya Windows isizimike kabisa. Windows ikiwa imelala nusu, GParted itakataa kuigusa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na ina haki ya kukataa.

"C imejaa, lazima igawiwe upya"

Mara nyingi si lazima. Faili ya hiberfil.sys pekee inaweza kula GB kadhaa. Amri ya powercfg /h off inaiondoa, ukikubali kupoteza hibernate, ile ya kompyuta kuhifadhi kazi diskini na kuzimika. Folda ya Windows.old inayobaki baada ya kupandisha toleo hutoka kwa Disk Cleanup. Na Downloads ya miaka minne inaweza kuhamia D ukibofya kulia folda hiyo, Properties, kisha Location.

"C ina nafasi GB 200, mbona Windows inakubali kupunguza GB 15 tu? Inadanganya"

Haidanganyi. Kuna faili ambazo haiwezi kuzihamisha ikiwa inafanya kazi: pagefile.sys, hiberfil.sys, hifadhi za System Restore, na sehemu za MFT, ambayo ni daftari la NTFS lenyewe. Moja ikikaa katikati ya patisheni, Windows inaishia hapo. Zima vitu vitatu vya kwanza kwa muda, washa upya, punguza, kisha virudishe.

"Hivi vipatisheni vidogo ni uchafu, futa"

Ile ya MB 100 hivi iliyo mwanzoni, aina ya EFI, ndiyo inayoiwasha Windows. Ukiifuta, kompyuta haiwaki. Recovery nayo ina kazi yake: Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, sababu patisheni ya Recovery ilikuwa ndogo, na Microsoft ikawaelekeza watu kuiongeza MB 250. Kidogo si uchafu.

"Patisheni nyingi, kompyuta nyepesi"

Kwenye SSD haina maana yoyote. Kidhibiti ndicho kinachoamua data ikae chipu ipi, na hakijali C wala D. Kwenye diski ya kuzunguka, kuigawa vipande vitano mara nyingi kunakifanya kichwa kikimbie zaidi. Fedha unayotaka kumlipa fundi "aigawe ipate kasi", nunua SSD.

"Nilinunua GB 500, naona 465, kuna mtu kanipunja"

Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024. Diski ya GB 500 inaonekana 465, ya TB 1 inaonekana 931. Hakuna programu ya kugawa itakayozirudisha, maana hazikupotea.

"Nina programu ya kugawa ya kulipia, imevunjwa leseni, inafanya kazi vizuri"

Unaipa haki ya kuandika kila sekta ya diski programu iliyofunguliwa na mtu usiyemjua. Virusi vya STOP/Djvu, vinavyofunga faili na kudai fidia, vimesambaa miaka yote hii kupitia programu zilizovunjwa namna hiyo. GParted ni ya bure na ni halali. Nyingine nilizozitaja zina matoleo ya bure. Na PartitionMagic, programu ya kale ya kugawa diski, iliyobaki kwenye flashi za mafundi wa zamani itupwe. Symantec iliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2003 na baadaye ikaiacha, na haikuandikwa kwa ajili ya diski za GPT, mtindo mpya wa jedwali la patisheni.

"Patisheni ikifutwa, kila kitu kimekwenda"

Kwenye diski ya kuzunguka, kufuta patisheni kunafuta namba kwenye jedwali. Faili bado zipo zilipokuwa. TestDisk, ambayo ni ya bure, inaweza kuzitafuta hizo alama za mipaka na kulirudisha jedwali. Kinachoua matumaini ni yanayofuata: mtu anatengeneza patisheni mpya, anafomati, anaweka Windows juu yake, ndipo anakuja kwangu. Kwenye SSD muda ni mfupi zaidi, maana ukifomati, Windows hutuma amri ya TRIM, inayoiambia SSD kwamba data hiyo haihitajiki tena, na kidhibiti kinaweza kuvisafisha vizuizi hivyo muda mfupi baadaye. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya, usitengeneze chochote, usifomati hata kompyuta ikikuomba ufomati, wala usipakue programu ya kuokoa kwenye diski hiyohiyo. Zima mashine, toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na unachokipata kihifadhi kwenye diski tofauti.