Mkono si jiliwa: dhana potofu kuhusu kutoboa mbao zisizo na umbo

Tawi lililopinda, kifundo cha mti, mguu wa kiti uliochongwa, tufe la mbao: vyote vina taabu moja mbele ya drili. Havina upande bapa wa kukalia wala pande mbili sambamba za kubanwa na jiliwa, kile kifaa cha taya mbili kinachoshikilia kazi. Ndiyo maana fundi huishia kuvishika mkononi, na akiulizwa huwa ana jibu tayari.

"Mkono wangu una nguvu." Hili ndilo jibu ninalolisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nililitumia hadi liliponiadhibu. Nilikuwa natoboa kipande cha tawi, urefu wa kiganja, kwenye drili ya mezani, ile inayosimama kwenye nguzo yake. Biti, ile ncha inayotoboa, ilishuka vizuri mpaka ilipokaribia kutokea upande wa pili, ikanasa. Sikuliona tawi likigeuka. Nilisikia kishindo, nikatazama vidole na kukuta vifundo vimechubuka, huku tawi likizunguka na biti kama pangaboi.

Ukweli ni kwamba nguvu ya mkono haipati hata nafasi ya kufanya kazi. Drili inayokwenda mizunguko 1,200 kwa dakika inapiga mizunguko 20 kwa sekunde. Mtu huhitaji takriban robo sekunde kushtuka na kuchukua hatua, na kwa muda huo biti imeshazunguka mara tano.

Kwa nini hunasa pale inapotokea? Mbao iliyobaki chini inakuwa nyembamba, inapasuka badala ya kukatwa, na makali ya biti yanazama kwenye nyuzi kwa mara moja. Mifereji ya biti nayo inaivuta mbao juu kama parafujo. Weka ubao wa kutupwa chini ya kazi yako, ugusane nayo barabara, ili biti itoke kwenye mbao na kuingia kwenye mbao. Punguza pia mkandamizo unapokaribia mwisho. Tundu litatoka safi, bila kung'oka vibanzi.

"Kipande kidogo hakiwezi kuumiza." Kinyume chake! Tuseme biti iliyonasa inasukuma kwa nyutoni-mita 10 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kiasi ambacho drili ya kawaida hukifikia bila shida. Ukiishika mbao sentimita 20 kutoka kwenye tundu, unapambana na kitu kama uzito wa kilo 5. Ukiishika sentimita 2 tu kutoka hapo, uzito huo unakuwa kilo 50. Kipande kidogo hakikupi mahali pa kushika mbali na biti, kwa hiyo ndicho cha kuogopwa zaidi. Dawa yake nzuri kuliko zote haihitaji kifaa: toboa kwanza wakati kingali sehemu ya mbao ndefu, ndipo ukikate.

Na hiyo mbao ndefu uitegemeze. Biti ikitazamwa kutoka juu huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo mbao ikinasa itafuata mwelekeo huohuo. Ukiwa umesimama mbele ya drili ya mezani, lalisha mbao ili sehemu yake ndefu ielekee kushoto na iegemee ubavu wa kushoto wa nguzo. Ikitaka kuzunguka, itakutana na chuma kabla ya kukutana na wewe.

"Kikiteleza, kaza jiliwa zaidi." Mbao ya mviringo kati ya taya mbili bapa inaguswa kwenye mistari miwili tu. Ukikaza zaidi, unaiachia makovu, na bado inaweza kubingirika. Figa moja haliinjiki chungu, na hapa hata mawili hayatoshi. Chukua kipande cha mbao, kichonge mfereji wa umbo la V wa digrii 90, lalisha tawi ndani yake, kisha libane kwa klampu (kibanio cha skrubu) kutoka juu. Sasa limeguswa sehemu tatu. Funga na mfereji wenyewe kwenye meza ya drili, maana watu wengi hubana tawi kwenye mfereji halafu wakaushika mfereji kwa mkono!

Kwa tufe, toboa mbao mbili matundu madogo kidogo kuliko kipenyo chake, uliweke katikati kama ndani ya kikombe na kifuniko, ubane. Kifundo chenye mabonde na vilima kibandike kwa gundi ya moto juu ya ubao bapa, ukizibe mapengo kwa kabari, kisha bana huo ubao. Mfuko wa mchanga, unaosifiwa sana, unafaa kukituliza kisiyumbe wakati unapima. Kukizuia kisizunguke hauwezi, kwa sababu mchanga unahama.

"Angalau nitavaa glavu." Kwenye kitu kinachozunguka, vua. Kitambaa kikishikwa na biti hakichaniki upesi. Kinavuta kidole, kisha mkono. Mikono mirefu ya shati ikunjwe. Kinga inayohitajika hapa ni miwani.

"Biti butu ni salama kuliko kali." Biti butu hukulazimisha usukume kwa nguvu, na kwenye uso wa mviringo huteleza kando kabla ya kuuma. Tumia kali, yenye mwiba katikati, na kabla ya kuanza chonga kijisehemu bapa kwa patasi mahali pa tundu.

Kuna dhana ya mwisho, na hii huja mbao ikiwa tayari imenasa: kwamba uidake kabla haijaharibika. Iache. Rudi nyuma, zima mashine, usubiri mpaka kila kitu kisimame, kisha chomoa waya wa umeme na uigeuze biti kinyume kwa mkono mpaka mbao iachie.